Umbali Anaoukubali Mnyama: Namna ya Kuchagua Lenzi Ndefu kwa Picha za Ndege na Wanyamapori

Mada kwa semina ya waongoza watalii na wapigapicha chipukizi, Arusha



1. Utangulizi

Swali ambalo vijana wanaoanza kupiga picha za wanyama huuliza kuliko yote ni hili: ninunue lenzi ya milimita ngapi? Wana haki ya kuuliza. Lenzi ndefu ndiyo inayomeza fedha nyingi kuliko kifaa kingine chochote katika kazi hii, na wengi wetu huinunua kwa akiba ya miaka. Tatizo ni kwamba swali likiulizwa hivyo, kila anayejibu hutaja namba kubwa kuliko aliyetangulia. Mwisho wa yote, mmoja anarudi nyumbani na lenzi ya kilo tatu asiyoweza kuishika kwa dakika tano, na mwingine anakata tamaa, anabaki na lenzi fupi, na kila siku anamsihi dereva asogee karibu zaidi.

Napendekeza tuanze na swali jingine: mnyama huyu ananiruhusu nimkaribie kiasi gani bila kuacha alichokuwa anafanya? Umbali huo ukijulikana, milimita hupatikana kwa hesabu ya darasa la saba. Mwanga, uzito, vumbi na fedha vinafuata baadaye, kila kimoja kwa nafasi yake. Nina imani kubwa na utaratibu huu kwa sababu unaokoa fedha zetu na unawalinda wanyama tunaowategemea kwa riziki.

2. Umbali unaamuliwa na mnyama, na sheria

Tuanze na duma, maana ndiye anayeumia waziwazi. Duma huwinda zaidi mchana, na magari yetu yako barabarani saa hizohizo. Mwaka 2018 mtafiti Femke Broekhuis alichapisha matokeo ya utafiti wake wa duma majike wa Maasai Mara. Katika maeneo yenye watalii wengi, jike alifanikiwa kulea kwa wastani mtoto 0.2 kwa kila uzao hadi kujitegemea. Katika maeneo yenye watalii wachache wastani ulikuwa watoto 2.3. Kwa wanyama waliobaki wachache, tofauti hiyo inatisha.

Kanuni za Mara zinataka gari likae angalau mita 25 kutoka kwa mnyama, na magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja. Upande wetu wa Tanzania, katika hifadhi za taifa na ndani ya kreta ya Ngorongoro, gari haliruhusiwi kuacha barabara kiholela. Kwa hiyo umbali wako mara nyingi umekwishaamuliwa kabla hujatoa kamera kwenye begi: ni ule uliopo kati ya barabara na mti aliolala chui.

Kwa ndege, sheria haziandiki mita, lakini ndege mwenyewe husema. Anapoacha kula na kuinua kichwa, amekuona. Anaponyoosha shingo, akabana manyoya na kugeuza mwili upande mmoja, anatafuta njia ya kuondoka. Akijisaidia akiwa amesimama hivyo, mara nyingi kinachofuata ni kuruka. Mpigapicha mzuri husimama kwenye dalili ya kwanza. Kwenye viota hali ni nzito zaidi, kwa sababu mzazi akiondoka, jua la mchana linatosha kuua mayai. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki hutegemea Ziwa Natron kwa kuzaliana kuliko mahali pengine popote, na kundi likishtuliwa wakati wa kutaga, hasara yake huonekana katika maziwa yote tunayowapeleka wageni, kuanzia Manyara hadi Nakuru.

Hii ndiyo maana ya lenzi ndefu. Inatupa picha ya karibu huku miguu na magurudumu yetu yakibaki mbali.

3. Hesabu ya milimita

Kanuni ni moja. Chukua ukubwa wa mnyama, zidisha kwa urefu wa fokasi wa lenzi, kisha gawanya kwa umbali. Jibu ni ukubwa wa taswira yake juu ya sensa. Vipimo vyote viwe katika milimita. Sensa kubwa ya kawaida ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24.

Chukueni duma aliye mita 25 kutoka kwenu. Mwili wake bila mkia una urefu wa kama mita 1.3. Kwa lenzi ya milimita 400, taswira yake inakuwa na urefu wa karibu milimita 21 kati ya zile 36. Amejaza zaidi ya nusu ya upana wa picha, na pembeni imebaki nafasi ya majani na upeo wa macho. Hiyo ni picha kamili, tena ndani ya kanuni. Mwenye lenzi ya 400 hana sababu ya kumwambia dereva asogee.

Sasa tembo wa kimo cha mita 3, palepale mita 25. Lenzi ya milimita 200 inamjaza fremu nzima kutoka juu hadi chini. Ukiwa na lenzi ya 600 isiyovutika, utapata sikio na jicho. Kuna siku sikio na jicho ndivyo unavyovitaka, lakini siku nyingine mgeni wako anataka tembo. Ndiyo maana kwa wanyama wakubwa lenzi ya zumu, inayoanzia 100 au 150, hufanya kazi kuliko lenzi ya urefu mmoja hata kama hiyo ya pili ni kali zaidi.

Ndege wadogo wanageuza hesabu yote. Yule mdiria mdogo mwenye mgongo wa buluu na mdomo mwekundu, anayekaa kwenye matete ya Momella na Manyara, ana urefu wa sentimita 13 tu. Akiwa mita 25, hata lenzi ya 600 inampa milimita 3.1 za sensa. Katika kamera ya pikseli milioni 24 hizo ni kama pikseli 520. Ukichapa picha hiyo kwa ubora wa jarida, yaani pikseli 300 kwa inchi, ndege wako anapata sentimita 4.4. Akiwa mita 8, lenzi ileile inampa milimita 9.75, sawa na pikseli 1,625. Kwenye ukurasa atatoka na sentimita 13.8, karibu sawa na alivyo mwenyewe kwenye tete. Kwa ndege wa aina hii milimita pekee hazitoshi. Unahitaji pia mahali pa kujificha, gari lililozimwa injini, na saa nzima ya kukaa kimya hadi yeye mwenyewe aje kwenye tete lililo karibu nawe.

Hesabu hiyohiyo ina habari njema kwa wasio na fedha nyingi. Kamera nyingi za bei ya kati zina sensa ndogo, yenye upana wa takriban milimita 23.5. Zikiwa na pikseli zilezile milioni 24, pikseli hizo zimebanana zaidi, kwa hiyo kila milimita ya taswira inapata pikseli nyingi. Mdiria aliye mita 8 kwa lenzi ya 400 kwenye kamera hiyo anapata takriban pikseli 1,660. Linganisheni na zile 1,625 za lenzi ya 600 kwenye sensa kubwa. Kijana mwenye kamera ndogo na lenzi ya 400 amefika palepale kwa ndege huyu, kwa sehemu ndogo ya gharama. Atakapozidiwa ni pale mwanga unapopungua, na ndiko tunakoelekea.

4. Mwanga

Namba ya f inaeleza ukubwa wa tundu la mwanga ikilinganishwa na urefu wa lenzi. Lenzi ya 600 yenye f/4 inahitaji tundu la milimita 150, na ile ya f/6.3 linatosha la milimita 95. Kioo cha milimita 150 ni kizito na ni ghali kukinoa. Hapo ndipo inapotoka tofauti ya bei ambayo wengi huiona kama kitendawili dukani.

Kila hatua kutoka f/4 kwenda f/5.6, f/8 na f/11 inapunguza mwanga kwa nusu. Kama msituni f/4 inakuruhusu kupiga kwa ISO 1600, basi kwa kasi ileile ya shata f/8 itakudai 6400, na f/11 itakudai 12,800. Katika mbuga ya wazi saa mbili asubuhi hilo halikusumbui. Ndani ya msitu wa Amani, Usambara ya Mashariki, ambako chozi wadogo huzunguka juu kabisa kwenye vilele vya miti na chini kuna giza la mchana kutwa, hatua moja ya mwanga ni sawa na kupata picha au kukosa.

Tusisahau pia saa zetu. Karibu na ikweta jua huchomoza na kuzama haraka, na hifadhi zetu kwa kawaida hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Mwanga mzuri tunaopewa ni mfupi, na simba na chui wanautumia kuliko sisi. Mwenye f/5.6 anafanya kazi kwa dakika kadhaa zaidi ya mwenye f/8, na hizo ndizo dakika ambazo simba huinuka.

Mahali pengine hapatakiwi lenzi ndefu kabisa. Sokwe wa Mahale hufuatwa kwa miguu ndani ya msitu, wageni hukaa angalau mita 10 kutoka kwao, na flashi hairuhusiwi. Kwa umbali huo, lenzi ya 70 hadi 200 yenye f/2.8 inatosha na kubaki. Mtu aliyepanda Mahale na 600 amebeba mzigo wa bure.

Tundu kubwa nalo lina gharama yake ndani ya picha. Kwa lenzi ya 600 kwenye sensa kubwa, ndege akiwa mita 10, f/6.3 inakupa kina cha ukali cha takriban sentimita 10. Kwa f/4 kinashuka hadi karibu sentimita 6. Furukombe akikutazama uso kwa uso, ncha ya mdomo na jicho vinaweza kupata ukali huku mabega yakiwa yamefifia. Mara nyingi mwenye f/4 atafunga tundu lake hadi f/5.6 au zaidi, na kubaki mahali ambapo mwenye lenzi ya bei nafuu alikuwapo tangu mwanzo.

5. Mtikisiko, kasi na fokasi

Kidhibiti mtikisiko kinatuliza mkono wako. Hakimtulizi ndege. Kunguru aliyetulia kwenye paa unaweza kumpiga kwa sekunde 1/250 kwa lenzi ya 600 yenye kidhibiti kizuri. Furukombe anayeshuka kuchukua samaki anataka 1/2000 au zaidi, uwe na kidhibiti au usiwe nacho. Kwa hiyo msilipie kidhibiti mkidhani mnanunua kasi.

Ndani ya gari, tegemeo bora ni mfuko wa maharage uliowekwa juu ya dirisha au kwenye ukingo wa paa lililofunguliwa. Ni rahisi kuliko stendi ya miguu mitatu, hauli nafasi, na mfuko unaweza kusafiri mtupu ukajazwa mchele au maharage ukifika. Injini izimwe, na waliomo garini wakubaliane kutulia. Mtu mmoja anayehamisha mguu kwenye kiti cha nyuma huitikisa lenzi ya 600 kuliko upepo.

Angalieni pia umbali mfupi kabisa ambao lenzi inaweza kufokasi. Canon RF 800mm f/11 haifokasi chini ya mita 6. Sony 200-600mm inafika mita 2.4. Kama kazi yako ni chozi kwenye maua ya bustani ya lodge, namba hiyo ina uzito kuliko milimita 200 za ziada.

Telekonvata, kile kipande kinachofungwa kati ya kamera na lenzi, huwavutia wengi kwa kuwa ni ndogo na inaongeza urefu papo hapo. Ile ya 1.4 inachukua hatua moja ya mwanga, na ile ya 2 inachukua mbili. Lenzi ya f/6.3 ikiwekewa ya 2 inakuwa karibu f/13, na kamera nyingi za zamani zenye kioo hazitafokasi zenyewe tena. Kwenye lenzi ya f/4 telekonvata ni msaada. Kwenye zumu ya bei ya kati, afadhali ukate picha kwenye kompyuta.

6. Joto, vumbi, unyevu na mizigo

Kuna adui asiyeshindwa na lenzi yoyote: hewa ya moto. Kuanzia saa nne asubuhi kwenye nyanda za Serengeti, hewa juu ya ardhi huchezacheza, na mnyama aliye mita 200 hutoka kama amechorwa majini. Mteja atadhani lenzi ni mbovu. Mwambieni ukweli kwamba fedha haitoi dawa ya hilo. Dawa ni kuwahi asubuhi, au kungoja jioni.

Vumbi la Ndutu na Naabi lina asili ya majivu ya volkano, laini kama unga. Zumu inayorefuka ukiivuta huvuta na hewa, pamoja na kilichomo hewani. Zumu ambazo hazibadiliki urefu zikivutwa, mfano Sony 200-600mm na Nikon Z 180-600mm, zina nafuu hapo, ingawa huchukua nafasi kubwa kwenye begi. Nyingine, kama Sigma 150-600mm na Canon RF 100-500mm, hurefuka. Zinafaa, ila zifunikwe kwa khanga au kitambaa kizito gari linapotembea, na zisivutwe katikati ya tufani la vumbi.

Wenzetu wa Tanga, Bagamoyo, Lamu na Unguja wana shida nyingine: unyevu na chumvi. Kuvu huota ndani ya vioo vya lenzi iliyofungiwa kwenye begi la ngozi kabatini. Itunzeni kwenye chombo cha plastiki kisichopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika, na iwekeni juani kidogo kila wiki.

Kuhusu uzito, lenzi za 600 f/4 za kizazi hiki zina karibu kilo 3. Zumu za f/6.3 ziko karibu kilo 2. Ndege ndogo zinazoingia hifadhini kwa kawaida humruhusu abiria kilo 15 tu za mizigo yote. Lenzi, kamera mbili na chaja vinaweza kuchukua nusu ya kiasi hicho kabla hujaweka shati.

7. Fedha ziende wapi

Bei nitakazotaja ni za Marekani lenzi zilipoingia sokoni. Huku kwetu zinabadilika kwa kodi na kwa njia iliyopitia, lakini uwiano wake unasaidia.

Ngazi ya kwanza ni lenzi zilizotumika. Canon EF 400mm f/5.6L, iliyotoka mwaka 1993, haina kidhibiti mtikisiko, lakini ina kilo 1.25 na bado inapiga ndege warukao kwa ukali wa kupendeza. Nikon 200-500mm f/5.6 ya 2015 na zumu za 150-600 za Sigma na Tamron ziko katika ngazi hii.

Ngazi ya pili ni lenzi nyepesi za f/11: Canon RF 600mm na 800mm za mwaka 2020, zilizoanza kwa dola 699 na 899. Zinafaa mbuga ya wazi na ufukweni mchana kweupe. Msituni hapana.

Ngazi ya tatu ni zumu za kisasa za kufika 600 au 800: Nikon Z 180-600mm kwa dola 1,699, Canon RF 200-800mm kwa dola 1,899, Sony 200-600mm kwa dola 1,999. Mtu anayeishi kwa kazi ya kuongoza wageni na kuuza picha chache akifika ngazi hii, amefika.

Ngazi ya nne ni 600 f/4, karibu dola 13,000 na kuendelea. Hiyo ni zana ya mtu ambaye tayari ana soko, anayefanya kazi msituni na alfajiri, na mwenye mahali pa kuitengeneza ikiharibika. Kwa wengine, tofauti hiyo ya zaidi ya dola 11,000 inalipia miaka ya viingilio vya hifadhi na mafuta, na picha hutokana na siku za kuwapo.

Mkinunua iliyotumika, Kariakoo, Nairobi au kwa jamaa anayetoka Dubai, fanyeni ukaguzi huu mbele ya muuzaji. Vua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande mmoja na utazame upande wa pili. Chembe chache za vumbi si neno, ila nyuzi nyeupe zilizotambaa ni kuvu, na hiyo iacheni. Iweke kwenye kamera yako mwenyewe. Fokasi kitu cha karibu, kisha cha mbali, mara kumi mfululizo, ukisikiliza kama mota inakwaruza. Washa kidhibiti, bonyeza shata nusu, na utazame kama taswira inatulia au inaruka. Piga ukuta wa matofali au bango lenye maandishi kwa tundu likiwa wazi kabisa, kisha kuza pembe zote nne: upande mmoja ukififia kuliko mwingine, huenda lenzi iliwahi kuanguka. Mwisho linganisha namba iliyochongwa kwenye lenzi na iliyo kwenye karatasi zake za ununuzi.

8. Hitimisho na mapendekezo

Ndugu washiriki, lenzi inayokufaa ni ile inayolingana na umbali anaoukubali mnyama unayempiga, kwa mwanga wa saa unazofanya kazi, na uzito unaoweza kuubeba siku nzima. Kutokana na hayo naleta mapendekezo manne ya kujadiliwa.

Kwanza, kabla ya kununua, kila mmoja aandike wanyama watatu anaowapiga mara nyingi, umbali wao halisi na saa, kisha apige hesabu tuliyoonyesha. Pili, anayeweza akodi au aazime lenzi hiyo kwa safari moja kabla ya kutoa akiba yake. Tatu, kampuni za utalii ziweke kwenye magari mifuko ya maharage, na hata lenzi moja ya 400 ya kuazimisha wageni, kwa sababu mgeni mwenye lenzi ya kutosha hamsukumi dereva kuvunja kanuni.

La nne ni letu sisi waongozaji. Mgeni akisema "sogea kidogo", tuwe na jibu la kitaalamu mdomoni: kwa lenzi ya 400, kutoka hapa tulipo, duma huyu anajaza zaidi ya nusu ya picha yako. Jibu hilo linamheshimu mgeni na linamwachia duma mawindo yake. Naomba tulifanye sehemu ya mafunzo ya kila mwongozaji mpya kuanzia msimu ujao.